Mraba wa bibi kwa kroshia: nianze na cheni 4 au kitanzi cha kuvuta? Na uzi upi?

Mwanafunzi_Moro

Habari za jioni wapendwa. Naombeni ushauri, hasa nyie mlioshika sindano miaka mingi.

Mdogo wangu yuko Makambako, anategemea kujifungua mwezi wa sita, na baridi ya huko mwezi huo mnaijua. Nimedhamiria kumfumia mtoto blanketi la miraba, ile inayoanzia katikati na kuzunguka. Wengine wanaiita grani skwea, nyumbani kwetu tuliita mraba wa bibi. Marehemu mama alikuwa akifuma vitambaa vya makochi na kuuza, ila mimi sikukaa naye chini nikajifunza. Nilichonacho ni sindano zake nne na mfuko wa nyuzi.

Nimejaribu njia mbili. Kwanza cheni 4, vile vitanzi vinavyofuatana kama mnyororo, nikazifunga kuwa duara. Mraba ulitoka, lakini katikati kukabaki tundu, kidole changu cha mwisho kinapita. Kisha nikajaribu kitanzi cha kuvuta nilichokiona kwenye video, yaani unazungusha uzi kidoleni, unafuma ndani yake, kisha unavuta ncha kifunge. Katikati kukafunga vizuri mno, nikafurahi, nikaufua kuona kama rangi inachuja. Asubuhi naanua, katikati kumefumuka, mafungu manne ya mishono yameachana kama petali za ua.

Sasa nishike njia ipi? Uzi wa pamba au akriliki? Kati ya fungu na fungu niweke cheni 1 au nisiweke? Halafu nikifika raundi ya tatu kitambaa kinajikunja kama bakuli, sijui nakosea wapi.

Shangazi_Tanga

Mwanangu, pole kwa kumpoteza mama, na hongera kwa kuzitoa hizo sindano mfukoni.

Anza na cheni 4. Anayejifunza anahitaji kuona sindano inaingia wapi, na duara la cheni linajionyesha lenyewe. Kitanzi cha kuvuta kinakutaka ushike uzi kwa vidole vitatu huku ukihesabu, mgeni anahangaika na vidole, hesabu inampotea.

Fundo la kuanzia, cheni 4, ingiza sindano kwenye cheni ya kwanza, vuta uzi upite kote. Hilo duara. Panda cheni 3, zinahesabika kama mshono mrefu wa kwanza. Kisha mishono mirefu 2 ndani ya duara. Usitoboe cheni, pita kwenye tundu lenyewe. Cheni 2, hiyo ni kona. Mishono mirefu 3, cheni 2. Endelea hivyo mpaka upate mafungu manne na kona nne, shikiza kwenye kichwa cha zile cheni 3 za mwanzo.

Mshono mrefu ninaousema: zungusha uzi mara moja kwenye sindano, ingiza, vuta uzi utoke, utakuwa na vitanzi vitatu. Vuta upite viwili, vuta tena upite viwili. Basi.

Bakuli linatokana na kona. Kuanzia raundi ya pili kila kona inabeba mafungu MAWILI, yaani mishono 3, cheni 2, mishono 3, yote kwenye tundu moja. Ukisahau hata kona moja, kitambaa hakipati nafasi ya kutanuka, kinajiinua. Hesabu mafungu kila unapofunga raundi: ya kwanza 4, ya pili 8, ya tatu 12, ya nne 16. Namba ya raundi mara nne. Isipolingana, fumua hapo hapo, usisubiri.

Fundi_Mwanza

Shangazi shikamoo. Nakuheshimu sana ila hapa tunatofautiana kidogo.

Mimi nafuma kwa ajili ya kuuza, vikapu, kofia, mablanketi ya watoto. Kitanzi cha kuvuta hakina kosa, kosa ni mkia. Nina hakika dada aliacha ncha fupi, akaivuta, akaikata karibu. Uzi wa akriliki unateleza, ukilowa na kukamuliwa ile ncha inarudi ndani na kitanzi kinafunguka. Acha mkia wa sentimita 15 au zaidi. Ukishavuta, uvalishe sindano ya kushonea, upitishe chini ya mafungu yote manne kuzunguka duara, kisha geuza urudi kinyume. Kule kurudi kinyume ndiko kunakoushika. Ukiuzungusha upande mmoja tu, unatoka njia ile ile uliyoingilia.

Ukitaka imara zaidi, zungusha uzi kidoleni mara mbili badala ya mara moja, kitanzi kiwe cha nyuzi mbili. Kufunga kwake ni kugumu kidogo ila nguo ikifuliwa kila siku, kama ya mtoto, haifunguki.

Shangazi_Tanga

Marahaba baba. Hayo ya kurudi kinyume ni kweli kabisa, hata mkia wa cheni nao nauficha hivyo. Lakini wewe mkono wako umeshazoea. Huyu bado anahesabu kona.

Limuru_Baridi

Kuna njia ya tatu ambayo hamjaitaja, na ndiyo ningempa dada.

Fanya cheni 4 lakini USIZIFUNGE kuwa duara. Ile cheni ya kwanza kabisa, iliyo karibu na fundo, ndiyo itakuwa kitovu chako. Cheni 3 zilizobaki ni mshono mrefu wa kwanza. Sasa mishono yote ya raundi ya kwanza, mishono 2, cheni 2, mishono 3 na kuendelea, itoboe kwenye cheni hiyo moja. Itatanuka kidogo kuipokea yote. Tundu linabaki dogo, na hakuna kitanzi cha kufunguka. Ilegeze tu hiyo cheni ya kwanza unapoanza, ukiikaza sindano haitaingia mara ya nne.

Lingine, dada umesema unatazama video. Angalia wanatumia majina ya nchi gani, kwa sababu mimi jambo hili lilinipotezea wiki nzima. Waingereza na Wamarekani wanatumia majina yale yale kwa mishono tofauti. Mshono mrefu aliouelezea shangazi, Mwingereza anauita trebo, Mmarekani anauita dabo. Na Mwingereza naye ana dabo yake, ambayo ni ule mshono mfupi, ingiza, vuta, vuta upite viwili, kwisha. Mama zetu walijifunza kwa vijitabu vya Kiingereza cha Uingereza, video nyingi ni za Marekani. Ukisikia dabo kwenye video ukafuma dabo ya mama, mraba unatoka mdogo, mgumu, matundu hayaonekani. Usifuate jina. Tazama mkono wake: akizungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuingiza, huo ni mrefu.

Mwanafunzi_Moro

Limuru, umenitoa gizani! Mraba wangu wa kwanza kabisa ulikuwa mgumu kama kitambaa cha kusugulia sufuria, nikadhani ni mkono wangu kukaza. Kumbe nilikuwa nafuma mishono mifupi.

Swali dogo: sindano za mama, moja imeandikwa 8, nyingine 6, mbili ni nyembamba sana za chuma. Nitumie ipi?

Shangazi_Tanga

Hizo nyembamba za chuma ni za vitambaa, kwa uzi mwembamba wa pamba. Zifunge vizuri uzihifadhi, siku moja utafuma vitambaa kama mama. Kwa blanketi siyo zenyewe.

Fundi_Mwanza

Kama ni sindano za zamani za Uingereza, namba yake inakwenda kinyume: inavyokuwa kubwa, sindano inakuwa nyembamba. Namba 8 ni milimita 4, namba 6 ni milimita 5. Za Marekani zina herufi, G ni milimita 4, H ni milimita 5. Siku hizi nyingi zimeandikwa milimita moja kwa moja. Uzi wa sweta wa unene wa kati, chukua ya milimita 4. Mkono wako ukiwa mgumu, ya milimita 5.

Bibi_wa_Njombe

Mimi niko huku huku kwenye baridi, basi niseme kuhusu uzi.

Pamba ni nzuri, inanyooka, mishono inaonekana, inapigwa pasi bila shida. Kwa kochi la Dar es Salaam au kitambaa cha meza sina ninachokiweka juu yake. Lakini blanketi la pamba likilowa linakuwa zito kama gunia, na huku mwezi wa sita na wa saba ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, jua lenyewe la kuombea. Mtoto mchanga anachafua kila siku. Nilimfumia mjukuu wangu wa kwanza la pamba, rangi ya maziwa. Mama yake alilifua Jumatatu, Jumatano bado pindo zilikuwa mbichi. Likaishia kutandikwa juu ya kiti.

Wa pili nilimfumia la akriliki. Linafuliwa asubuhi, jioni limekauka. Ila sikiliza vizuri mwanangu: akriliki USIIPIGE PASI. Joto linaiua. Inalala, inang'aa, inapoteza ule ulaini na hairudi tena. Ukitaka mraba unyooke, ulowanishe, uubane kona nne kwa pini juu ya taulo, uache ukauke wenyewe.

Na kwa kujifunza chukua rangi nyepesi. Nyeusi au samawati iliyokolea utaumiza macho bure, tundu huoni.

Limuru_Baridi

Naungana na bibi. Huku Limuru pia pamba haikauki mwezi wa saba. Mimi nyuzi nanunua Nairobi, Biashara Street, na huwa nabeba pakiti nzima ya rangi moja kwa siku moja, kwa sababu nikirudi baadaye rangi inaweza kuja tofauti kidogo. Kwenye karatasi ya uzi kuna namba ya mtio wa rangi, yaani nyuzi zilizotiwa rangi pamoja, hakikisha zinafanana.

Mama_Mapacha

Kuhusu cheni kati ya mafungu: kwa mtoto usiweke. Cheni 2 za kona tu. Bila cheni mafungu yanabanana, joto linakaa, na vidole vya mtoto havinasi. Pacha wangu mmoja kidole kilizungukwa na uzi kwenye tundu la blanketi alilopewa zawadi, tukahangaika nacho usiku. Tangu hapo matundu makubwa nayaacha kwa vitambaa vya mezani.

Lakini mraba wa kujifunzia, wa kwanza na wa pili, weka cheni 1. Utaona wazi pa kuingiza sindano. Ukishazoea, iondoe.

Halafu niulize, dada, kwa nini miraba mingi? Blanketi la sentimita 80 kwa 80, kwa miraba ya sentimita 10, ni miraba 64. Kila mraba una ncha mbili za kuficha, ni ncha 128, hapo hujabadilisha rangi ndani ya mraba. Kisha uiunganishe hiyo miraba. Mimi nafuma mraba MMOJA mkubwa. Unazunguka tu, unazunguka, mpaka ufike saizi. Raundi nne zinanipa kama sentimita 10, kwa hiyo ni raundi thelathini na kidogo. Ncha ni pale unapobadilisha uzi tu.

Fundi_Mwanza

Mama Mapacha umesema kweli kuhusu ncha, ila raundi ya 30 ina mafungu 120, na blanketi lote liko magotini. Miraba midogo unaibeba kwenye mkoba, kwenye daladala unafuma mmoja. Na ukikosea, umekosea mraba mmoja.

Kwenye mraba mkubwa kuna jambo lazima ulijue: ukifuma upande mmoja tu raundi zote, mishono inalala kidogo upande, na kwenye mdogo huoni, lakini kwenye mkubwa kitambaa kizima kinajipinda, kona hazikai sawa. Dawa ni kugeuza kazi kila unapofunga raundi. Ukigeuza, kona ya mwisho uliyofuma inakuwa iko hapo hapo karibu na sindano, unateleza ndani yake, yaani unaingiza na kuvuta uzi upite kote, na kupanda cheni 3. Usipogeuza, inabidi uteleze juu ya mishono miwili kwanza ili uifikie kona inayofuata.

Shangazi_Tanga

Mimi sigeuzi kwa miraba midogo, napenda uso mmoja uwe uso na mgongo uwe mgongo. Kwa mkubwa, geuza, hapo sina ubishi.

Mwanafunzi_Moro

Narudi baada ya wiki mbili wapendwa. Bibi wa Njombe shikamoo, Shangazi shikamoo.

Nimefuma miraba sita ya majaribio kwa akriliki ya manjano iliyopauka, sindano ya mama namba 8. Miwili kwa duara la cheni, miwili kwa kitanzi cha nyuzi mbili na mkia wa kurudi kinyume, miwili kwa njia ya Limuru ya cheni moja. Nikaiweka yote ndani ya foronya, nikaifua mara tano kwa siku tano, nikaikamua kwa nguvu.

Hakuna uliofumuka, hata wa kitanzi. Fundi asante. Wa duara una tundu lile lile. Wa cheni moja tundu lake kichwa cha kiberiti hakipiti, na niliufuma bila kutazama video. Basi nimeushika huo.

Nimeanza blanketi lenyewe, mraba mmoja mkubwa, nageuza kila raundi, bila cheni kati ya mafungu. Niko raundi ya 11, mafungu 44, nimehesabu mara mbili. Linalala sawasawa mezani, kona nne zote.

Kwenye mfuko wa mama nimekuta donge la uzi mwekundu ambalo alikuwa hajalimaliza, ncha yake bado ameichomeka ndani ili lisifunguke. Nataka liwe pindo, raundi mbili za mwisho. Halina karatasi, sijui ni uzi gani. Nitajuaje kama halitachuja rangi kwenye manjano?

Bibi_wa_Njombe

Marahaba mwanangu. Kata kipande cha urefu wa mkono, kifunge kwenye kitambaa cheupe cha pamba, kiloweke kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya kufulia usiku kucha. Asubuhi fungua uangalie kitambaa. Kikiwa cheupe, fuma. Kikiwa na waridi, loweka tena kipande kile kile kwa kitambaa kingine cheupe uangalie, na kikiendelea kutoa, huo uzi mfumie kitu kitakachokaa peke yake.

Kama unataka kujua ni sufu au akriliki, choma ncha kidogo kwa kiberiti, mbali na nguo, juu ya sahani. Sufu inanuka kama nywele na majivu yake yanavunjika vidoleni. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukikuta ni sufu, mwambie mdogo wako asilifue blanketi kwa maji ya moto na asilisugue, pindo litajikaza na kuvuta kona.

Mwanafunzi_Moro

Nimekiloweka sasa hivi. Kesho asubuhi nawaletea majibu.