Mikono ya Rehema: gumzo la kikundi cha ukoo, Tandika

*Jumatatu usiku*

Rehema (Sinza): Shikamooni wakubwa zangu.

Rehema: [picha] Naomba msaada kabla sijafumua kila kitu. Nafuma kwa kroshia mikono ya kuvaa na lile gauni langu la kitenge lisilo na mikono, kwa ajili ya sendofu ya Jumamosi ya wiki ijayo. Maelezo yanasema fuma mistari 38, mkono utafika juu ya kiwiko. Nimefuma mistari 38, nimehesabu mara tatu. Umeishia hapa! Hata kiwiko haujafika. Halafu ni mgumu, haukunjiki.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Kazi safi lakini, mistari imenyooka. Hebu upime kwa futi, una sentimita ngapi?

Rehema: 19, shangazi. Nilitaka 42.

Kaka Idi: Si ununue tu Kariakoo, vya mashine vimejaa

Shangazi Mwajuma: Idi, hapo sikuachi. Sweta na soksi ndiyo mashine inafuma. Kroshia yenyewe haina mashine, kila tundu limepitiwa na mkono wa mtu. Ukiona kitopu cha kroshia kwenye mtumba pale Ilala kinauzwa bei ya maandazi, jua kuna mama mahali alikaa chini akakifuma kitanzi kwa kitanzi na hakulipwa inavyostahili. Mtoto anajifumia mwenyewe, mwache.

Kaka Idi: Nimekuelewa shangazi. Sikujua hilo kabisa.

Mama Mkubwa: Rehema umetumia uzi gani?

Rehema: Ule wa sweta mama, akriliki. Rangi ya maziwa.

Mama Mkubwa: Kwa joto hili? Ukumbini na watu wote wale? Utaivua kabla ya keki. Tafuta uzi wa pamba. Pamba inanyonya jasho, na ikilowa inakaa ilivyopangwa. Akriliki ukiipitishia pasi ya moto inalegea, hairudi tena.

Shangazi Mwajuma: Na uununue wote siku moja. Angalia karatasi ya kila donge, namba ya rangi na ile namba ya pili zilingane. Zikilingana maana yake zilitiwa rangi kwa pamoja. Mimi niliwahi kumalizia kitambaa cha kochi kwa donge la wiki iliyofuata, likatoka jeupe la aina nyingine. Mpaka leo nikikitazama naona ule mstari.

Rehema: Sawa, kesho nikitoka kazini napanda mwendokasi nashukia Msimbazi. Lakini ufupi je? Uzi ndiyo umesababisha?

Salum (kwa Bibi): Bibi yupo hapa, nimemwonyesha picha, ameikuza mpaka mwisho. Anauliza: hayo maelezo yamesema ufume nini?

Rehema: Shikamoo Bibi. Yamesema dabo. Dabo mwanzo mpaka mwisho, kama ulivyonifundisha nikiwa darasa la sita.

Salum (kwa Bibi): Anasema marahaba mjukuu wangu. Anauliza mwandishi wa maelezo ni mtu wa wapi.

Rehema: Marekani.

Salum (kwa Bibi): Amecheka kwa furaha. Ngoja niandike anavyosema, msinikatishe.

Salum (kwa Bibi): "Hukukosea kufuma, umekosea jina. Mimi nilifundishwa majina ya Kiingereza cha Uingereza. Dabo yangu: unaingiza sindano, unavuta uzi, una vitanzi viwili, unazungusha uzi, unavivuta vyote viwili kwa pamoja. Ni fupi na imebana. Mmarekani hiyo hiyo anaiita singo. Yeye akisema dabo, anakusudia trebo yangu: unazungusha uzi kwanza KABLA ya kuingiza, unapata vitanzi vitatu, unavuta viwili, unavuta viwili tena. Hiyo inasimama, karibu mara mbili ya ile."

Salum (kwa Bibi): Na trebo ya Mmarekani ni dabo trebo ya Bibi. Kila kitu kimesogea ngazi moja.

Rehema: Bibi!!! Kwa hiyo 19 ingekuwa kama 40 hivi. Ndiyo maana umekuwa mgumu pia, nimefuma kifupi tupu.

Mama Mkubwa: Subhanallah. Miaka yote hii sikulijua.

Rehema: Sasa nitajuaje maelezo ni ya nani kama hayajaandikwa nchi?

Salum (kwa Bibi): "Tafuta neno singo. Ukilikuta, ni ya Marekani. Uingereza hawana singo kwenye kroshia, wao wanaanzia dabo."

Baba Mdogo: Nimewasoma kimya kimya nikafurahi. Wanawake wa Ireland, njaa ya viazi ilipowapiga miaka ya 1840, walifuma kroshia ya maua wakaiuza kununua chakula. Vitu walivyouza sana ni kola na vikono vya kuvalia juu ya nguo. Kwa hiyo mikono ya kuvaa peke yake si mambo ya vijana wa leo.

Shangazi Mwajuma: Ahsante Baba Mdogo. Na sisi hapa, nani hakukua kwenye sebule yenye vitambaa vya Bibi? Kwenye makochi, juu ya redio, juu ya friji. Vimetiwa wanga, vimesimama kama vimechongwa. Ule ufundi ulikaa kwenye makochi miaka yote, mimi naona ni haki yake sasa uvaliwe na utoke nje uonekane.

---

*Jumanne usiku*

Rehema: [picha] Pamba hiyo hapo, madonge sita, namba zote zimelingana. Nimefuma kipande cha majaribio kwa trebo ya Bibi, sindano ya milimita 3.5, nikakifua, nikakikausha.

Shangazi Mwajuma: Umekifua kwanza! Huyu ameiva. Wengi wanapima kabla ya kufua, nguo ikiingia maji inabadilika.

Rehema: Sentimita 10 zimeingia trebo 18 kwa upana, na mistari 9 kwenda juu. Kifundo changu cha mkono ni 16, juu ya mkono 28.

Shangazi Mwajuma: Usifume kwa kipimo kamili cha mwili, utashuka huo. Punguza kidogo ili ukushike. Kifundo fanya 15, ni trebo 27. Juu fanya 25, ni trebo 45. Unaongeza 18 njiani. Kila mstari wa nne ongeza mbili, moja mwanzo na moja mwisho, ukifika mstari wa 36 umemaliza kuongeza. Miwili ya mwisho iende hivyo hivyo, jumla 38.

Rehema: Lakini hautanishuka nikicheza? Nilifikiria lastiki.

Shangazi Mwajuma: Lastiki inakata mkono, inaacha alama. Juu fuma utepe unaovutika: unachukua uzi wa nyuma tu wa kila tundu, si nyuzi zote mbili. Unatoka na mifereji inayonyumbuka yenyewe. Ukiogopa zaidi, fuma ukanda mwembamba upite mgongoni uunganishe mkono na mkono. Hapo hata ucheze mpaka alfajiri.

Mama Mkubwa: Na kama utaswali ukiwa nayo, ndani uvae mikono ya kitambaa. Trebo ina matundu.

Rehema: Ndiyo mama, ninayo myeusi ila itaonekana. Nitatafuta ya rangi ya maziwa.

Shangazi Mwajuma: Jambo moja la muhimu. Usimalize mkono mmoja ndipo uanze wa pili. Fungua madonge mawili, fuma mistari kumi huku, kumi kule. Mkono unabadilika mwanangu. Leo umechoka unalegeza, kesho una mawazo unakaza. Ukienda navyo sambamba vinatoka mapacha.

Salum (kwa Bibi): Bibi anauliza mwisho wa vidoleni umeuwekea nini.

Rehema: Bado Bibi. Maelezo yameacha wazi tu.

Salum (kwa Bibi): "Weka nanasi."

Shangazi Mwajuma: Lile pambo la umbo la nanasi la vitambaa vya kochi!

Salum (kwa Bibi): "Lile lile. Ukishafika juu, rudi kwenye mnyororo ulioanzia, chomeka uzi pale, ufume kuelekea vidoleni ukipanua. Mananasi matatu kuzunguka yanatosha, yatafunguka kama kengele. Usitie wanga, yaache yaanguke. Ukimaliza lowesha, tandaza juu ya taulo, kila ncha ibane kwa pini, ikauke kivulini."

Rehema: Bibi, nanasi silijui. Ulinifundisha dabo na mnyororo tu, halafu tukahamia Sinza.

Salum (kwa Bibi): Amenyamaza kidogo. Anasema fuma mikono uifikishe juu, Jumapili uje nayo Tandika. Miwani yake haimpi tena uzi mwembamba usiku, kwa hiyo uje mapema kukiwa na mwanga.

Rehema: Nitakuja saa mbili asubuhi Bibi. Nikuletee nini?

Salum (kwa Bibi): "Donge moja la ziada. Namba ilingane."

Mama Mkubwa: Na mimi nakuja. Nina sindano yangu ya zamani, sijui kama mkono bado unakumbuka.

Salum (kwa Bibi): Anasema njooni wote, atachemsha mihogo. Ameshatoa kitambaa cha redio kabatini, ananionyesha hapa nanasi linaanzia wapi.