Fiat 682 ya marehemu baba: niifufue injini yake au niibadilishe?

Mrithi wa Makambako
Wazee wangu, shikamooni. Marehemu baba ametuachia lori aina ya Fiat 682 N3 ambalo limesimama chini ya mikaratusi hapa Makambako kwa zaidi ya miaka ishirini. Chesi ni nzima, sakafu ya kabini imeliwa na kutu, na injini haizunguki kabisa. Fundi mmoja ananishauri niing'oe nifunge ya lori la Kijapani, kwa kuwa vipuri vya Fiat havipatikani madukani. Moyo unasita, maana muungurumo wa injini hiyo tuliutambua lori likiwa bado bondeni, na mama alikuwa akibandika maji ya ugali kabla halijafika. Naomba ushauri wa waliowahi kuyaendesha au kuyafufua.

Dereva Mstaafu
Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilibanwa njia yake ya mafuta ya upande wa kusini, na ndipo mwaka 1966 ilipoundwa Zambia-Tanzania Road Services, ambayo Fiat zake tulizipandisha na mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam na kuzirudisha na shaba, miaka kadhaa kabla ya reli ya TAZARA. Kiangazi tulikula vumbi, masika tulilala kwenye matope.

Gia boksi ile ilitaka adabu. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unagusa mafuta kidogo injini ipande, unakanyaga tena, ndipo gia inaingia bila kelele. Kwa hiyo gia ya kuteremkia Kitonga ulichagua ukiwa bado juu, kwani ukiipoteza katikati ya mteremko hukuipata tena. Wakati wa kupanda, utingo alitembea ubavuni na gogo begani, akilisubiri lori lishindwe ili alitupe nyuma ya tairi. (Usukani wa kulia, kwa taarifa yenu, haukuwekwa kwa ajili yetu tu, hata kwao Italia malori makubwa ya enzi hizo yalikuwa hivyo, ili dereva auone vizuri ukingo wa barabara ya mlimani.)

Fundi wa Dizeli
Ndugu, usiing'oe injini kabla hujaipima. Ile ni ya lita 10.7, inazunguka taratibu kwa nguvu nyingi, na gia boksi pamoja na difu (gia za ekseli ya nyuma) vilipangwa kuifuata. Ukifunga injini ndogo yenye mbio utajikuta unatafuta na difu nyingine. Toa nozo zote (zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda), mimina dizeli iliyochanganywa na oili katika kila silinda, uache wiki nzima, kisha jaribu kuizungusha kwa mkono. Usikubali kabisa livutwe na trekta likiwa kwenye gia, kwa sababu ringi za pistoni zilizogandiana zitavunjika na pengine koneksheni (mikono ya pistoni) kupinda. Slivu (kuta za ndani za silinda) zikiwa zimekwisha, fundi mzuri wa kerezo anaweza kuzichonga. Pampu ya dizeli ipeleke kwa mwenye mashine ya kuipimia, usiifungue mwenyewe. Jambo moja watu hulidharau: breki za zamani zilikuwa na asbesto, hivyo vumbi lake usilipulize kwa upepo wa kompresa, lowesha kwa maji ndipo ufute.

Mbao za Mafinga
Mimi langu nililibadilisha injini na sijuti, kwa sababu linabeba mbao kila siku na siwezi kungoja kipuri mwezi mzima. Swali ni kama lako litafanya kazi au litakaa nyumbani.

Mrithi wa Makambako
Nawashukuru sana. Litakaa nyumbani, labda litoke siku za harusi. Nozo tano zimetoka salama, ya sita imekatikia ndani, na hizo silinda tano nimeshazimimina oili. Leo asubuhi, mimi na kaka yangu tukiwa tumening'inia kwenye bomba refu, injini imezunguka kama robo hivi kisha ikagoma. Fundi wa Dizeli, hicho kipande cha nozo nikitoeje bila kuharibu silinda hedi?