Kutoa sauti kwenye zilipendwa: nilipie huduma ya mtandaoni, nitumie UVR ya bure, au ninunue kompyuta yenye kadi ya Nvidia?

mpiga_disko
Wakuu, habari za jioni. Nina mkusanyiko wa nyimbo za dansi za miaka ya 70 na 80. Nataka kutenganisha waimbaji, magitaa na ngoma ili nizifanyie rimiksi. Nimebaki na njia tatu: kulipia huduma ya mtandaoni kama Moises au LALAL.AI. Kutumia UVR (Ultimate Vocal Remover), programu ya bure ya kuweka kwenye kompyuta. Au kuchukua kompyuta yenye kadi ya michoro ya Nvidia, inayoharakisha kazi hizi, ambayo jamaa mmoja Kariakoo ananiuzia. Anataka jibu kabla ya Jumamosi, kuna mtu mwingine anaimezea mate. Bajeti ipo. Ipi bora? Nawasilisha.

fundi_kaseti
"Bajeti ipo" ndiyo shilingi ngapi, mkuu? Na nyimbo umezitoa wapi: kanda, santuri, au umezishusha YouTube? Mono au stereo? Hiyo kadi ni Nvidia ipi, ina kumbukumbu GB ngapi? Unaulizia bei ya kushona suti na vipimo umeviacha nyumbani.

chemko_tu
UVR. Ya bure. Mjadala umefungwa.

rumba_ilala
Haufungwi hivyo. UVR ni programu tu ya kuendeshea modeli, yaani akili bandia zilizofundishwa kutenganisha sauti, na kazi yote inafanywa na modeli uliyochagua ndani yake. Kuna MDX-Net, kuna Demucs, siku hizi kuna na Roformer. Mtu akikwambia UVR mbovu, muulize kwanza alitumia modeli gani. Mimi sauti ya mwimbaji naitoa kwa Mel-Band Roformer, ngoma na bezi narudi Demucs. Spleeter ya Deezer ilipotoka 2019 wote tuliruka ruka, lakini modeli zake za kawaida zinaishia 11 kHz. Kuanzia hapo kwenda juu hakuna kitu, matoazi yanasikika kama yamefunikwa blanketi.

Kuhusu kompyuta: Demucs inakwenda hata bila kadi. Walioitengeneza wenyewe wanasema kwa CPU, yaani prosesa ya kompyuta bila kadi, itachukua kama mara moja na nusu ya urefu wa wimbo. Kwa kompyuta zetu hizi za mtumba ongeza subira. Ukiwa na kadi, wanashauri GB 7 kwa mipangilio ya kawaida, na GB 3 unapita ukikata wimbo vipande vidogo. Ndiyo maana fundi anakuuliza GB.

binti_wa_dansi
Kabla hujamlipa mtu yeyote, nisikilize mimi.

Baba yangu mkubwa aliimba bendi enzi hizo. Alipofikisha miaka 70 tukamwandalia sherehe, wazo likiwa aimbe mwenyewe ukumbini juu ya rekodi ileile ya zamani, ila sauti iliyomo iondolewe. Tukampa kazi kijana mmoja mwenye studio, jina nalihifadhi. Akapitisha wimbo kwenye huduma moja ya mtandaoni, akatutumia WhatsApp. Kwenye simu, safi kabisa! Shangazi alilia. Hela ikatoka.

Siku yenyewe, spika kubwa, ukumbi umejaa. Wimbo unaanza, magitaa yapo, bezi ipo. Inafika pale saksafoni inapoingia kumjibu mwimbaji, kimya. Saksafoni imeondoka na mwimbaji! Imebaki pumzi tu inakuja na kupotea. Wazee waliokuwa wanaujua ule wimbo wakaanza kutazamana. Tukajikaza. Kufika kiitikio, ile sauti iliyosemekana imeondolewa ikaanza kusikika kwa mbali, inayumba, kama mtu kaziba pua. Baba mkubwa akashusha maiki akauliza, "Nani huyo ananiimbia nyuma?" Ni yeye mwenyewe wa mwaka 1981! Watu walicheka mpaka leo wanamtania. Yeye hakucheka, akaenda kukaa.

Kijana nilipompigia akasema "dada, ndiyo teknolojia ilipofikia". Hela haikurudi.

fundi_kaseti
Pole sana dada. Ila ulilosimulia ni jambo linalojulikana. Saksafoni inapigwa kwenye masafa yaleyale ya sauti ya binadamu, inateleza na kutetema vilevile, kwa hiyo modeli inaiona mwimbaji. Gitaa la solo likivuta nota nalo huponzeka hivyohivyo. Na spika ya simu haiwezi kukuonyesha mabaki ya chini. Kazi kama hiyo unaisikiliza kwa hedifoni nzuri, kisha kwenye spika kubwa, ndipo unalipa.

Tatizo la msingi ni zile nyimbo zinazotumika kufundishia hizi modeli. Mkusanyiko uliotumika miaka mingi, MUSDB18, una nyimbo 150, karibu zote za Kizungu, na kila wimbo umegawanywa mafungu manne: sauti, bezi, ngoma, na "vinginevyo". Sasa chukua wimbo wa bendi kama NUTA au Mlimani Park. Gitaa la solo, la kati, la rhythm, tarumbeta na saksafoni, vyote vinatupwa kwenye vinginevyo. Yaani dansi lenyewe ndilo limewekwa fungu la takataka. Tumba ndiyo balaa: kofi lake linakwenda kwenye ngoma, mvumo wake unakwenda kwenye vinginevyo. Taarabu sitaki hata kuigusa, fidla na ganuni zitakaa humo humo.

kisauni_sound
Demucs wana modeli ya mafungu sita, gitaa na piano zimo. Mbona hamuitaji?

rumba_ilala
Ipo. Piano yake wenyewe wanakiri haijakaa sawa. Na gitaa maana yake magitaa yote kwa pamoja, solo na rhythm hazitengani. Kwa muziki wetu umepata nusu ya ulichotaka.

kisauni_sound
Basi mimi nasema aachane na mambo ya kadi, anunue Mac yenye chipu ya M1 na Logic Pro, programu ya muziki ya Apple. Tangu 2024 Logic inatenganisha yenyewe, na 2025 wakaongeza gitaa na piano. Huku Mombasa ndiyo natumia, na si mara moja wala mbili nimetoa bezi za zile santuri za Nairobi zikatoka zimesimama wima. Zile zilirekodiwa vizuri.

chemko_tu
Za Nairobi zilirekodiwa vizuri kuliko za RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam)? 😂 Mkenya umeanza.

kisauni_sound
Sijasema muziki, nimesema rekodi. Radio Tanzania bendi nzima ilikuwa inapiga kwa pamoja chumbani, maiki za kuhesabu, ngoma inavuja kwenye maiki ya mwimbaji. Utatenganishaje? Nairobi nyimbo zilikuwa zinakwenda kwenye santuri za kuuzwa.

mzee_wa_santuri
Vijana, hapo mmekosea njia. Kupiga pamoja chumbani ndiko kulikofanya zile nyimbo ziwe zile nyimbo. Mpiga rhythm anamtazama mwimbaji usoni, anajua lini avute. Mkishatenganisha mnatafuta nini tena?

rumba_ilala
Shikamoo mzee. Wenzetu wametenganisha na dunia ikashukuru. Wimbo wa mwisho wa Beatles uliotoka Novemba 2023 ulitokana na kaseti ya nyumbani ya John Lennon, sauti na piano zimegandana. Watu wa mwongozaji filamu Peter Jackson wakazitenganisha. Mwaka mmoja kabla yake, albamu yao ya 1966 ilichanganywa upya kwa njia hiyohiyo, maana awali ngoma, bezi na gitaa vilikuwa vimebanwa kwenye njia moja ya tepu.

mzee_wa_santuri
Marahaba. Hao walikuwa na tepu mama, studio yao, na Paul na Ringo wako hai wanasema ndiyo. Huyu kijana ana nini? Hata wimbo hajautaja.

mpiga_disko
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Nyimbo nyingi ni MP3, nyingine nimetumiwa WhatsApp. Kuna kaseti kadhaa za mjomba. Nataka kuchukua sauti ya Marijani Rajab niiweke kwenye singeli, na Mbaraka Mwinshehe kwenye amapiano, kisha nipandishe Boomplay na kwingine. Kadi sijui GB ngapi, jamaa anasema "kubwa".

binti_wa_dansi
Marijani, Jabali la Muziki, kwenye singeli. Mungu wangu.

chemko_tu
Mimi nitausikiliza siku hiyohiyo 🔥

fundi_kaseti
Kumbe hata hatukuwa tunazungumzia kompyuta. MP3 za kutumiana hivyo mara nyingi zimeshanyofolewa sauti za juu. Ukiziingiza kwenye modeli, yale makovu ya mbano yanaganda kwenye sauti ya mwimbaji na hayatoki. Hata ukinunua kadi ya bei ya Noah. Anza na kaseti za mjomba, zirekodi upya kwenye WAV, faili lisilobanwa.

Na singeli inakwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Bendi za zamani hazikupigia metronomu, wimbo unaanza taratibu, ukifika kwenye chemko, ile sehemu ya kuchezea, kasi imeshapanda. Utaketi kuunyoosha sentensi kwa sentensi ndipo ukae kwenye biti. Hakuna huduma ya kulipia itakayokufanyia hilo vizuri.

rumba_ilala
Na mtu asimdanganye na ile mbinu ya zamani ya kufuta sauti ya katikati kwa kutoa upande wa kulia kutoka wa kushoto. Kwenye mono pande zote mbili ni sawa, jibu lake ni kimya kitupu.

mzee_wa_santuri
Na ruhusa? Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Mbaraka alifariki Januari 1979. Piga hesabu. Marijani 1995, huko ni mbali zaidi. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, itafute familia.

chemko_tu
Salum Abdallah alifariki 1965, basi nyimbo zake ziko huru. Afanye za bendi yake, Cuban Marimba, kesi imeisha.

mzee_wa_santuri
Hiyo ni haki ya utunzi. Rekodi yenyewe ina mwenyewe, na kanda za RTD ziko mikononi mwa TBC. Usichanganye watu.

chemko_tu
Mzee mbona mitandaoni zimejaa, na waliopandisha wala si familia?

mzee_wa_santuri
Wizi wa jirani si kibali.

binti_wa_dansi
Namuunga mkono mzee. Baba mkubwa hajawahi kuona hata mia ya zile nyimbo, na leo zinapigwa kila Jumapili redioni.

mpiga_disko
Nimewasikia. Ila hapo kwenye kaseti, deki ninayo, ikicheza sauti inakuwa nzito halafu upande mmoja umefifia. Hiyo UVR inarekebisha?

fundi_kaseti
Hairekebishi! Hiyo ni deki. Sauti nzito maana yake inakwenda pole, mpira umelegea. Upande kufifia, kwanza safisha kichwa kwa spiriti na pamba. Ikiendelea, kichwa kimepinda, kuna skrubu ndogo pembeni yake, izungushe kidogo kidogo huku unasikiliza mpaka matoazi yang'ae. Usiiguse kabla ya kusafisha. Deki gani hiyo?

mpiga_disko
National, ya marehemu babu.

kisauni_sound
National nzee ina mipira miwili, mkubwa na mdogo. Usinunue ile ya cherehani wanayobandika mafundi wengine, inakaza mota.

rumba_ilala
Ya cherehani inafaa ukipata saizi. Mimi yangu inapiga mpaka leo.

kisauni_sound
Inapiga, lakini inapiga sawa? Weka wimbo unaoujua, linganisha na piano uone umepanda nusu nota au la.

fundi_kaseti
Nitumie picha ya ndani, mfuniko ukiwa wazi, nitakwambia mpira gani.