Naomba ushauri kuhusu kuwaonyesha vijana filamu ya Darr
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Vijana ninaowasimamia hapa Kisauni, Mombasa, wanataka kutazama na kujadili Darr, filamu ya Kihindi ya mwaka 1993 iliyoongozwa na Yash Chopra, ambamo Shah Rukh Khan anaigiza kijana anayemwandama msichana aitwaye Kiran kwa simu, anayejichora jina la msichana huyo kifuani kwa kisu, na anayezungumza na mama yake aliyekwisha kufariki. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba watazamaji wengi humhurumia yeye kuliko msichana anayeishi kwa hofu, ilhali baadhi ya mabinti zetu wanasumbuliwa vivyo hivyo. Je, niisimamishe katikati tujadili, au niwaache waimalize kwanza? Na wazazi niwaeleze vipi?