MJADALA: Pesa ya utafiti wa pumu Nyanda za Juu Kusini iende kwa panya au jikoni?

Hoja: Wapo wanaotaka lijengwe banda la wanyama wa majaribio ya pumu Mbeya. Wengine wanasema pesa hiyo inunue vipimo vya pumzi kwa zahanati za Makete na Mufindi, ambako moshi wa kuni hautoki jikoni miezi ya baridi. Wakuu, mnasemaje?

MFAMASIA, MBEYA: Niko upande wa banda. Mwaka 1940 Kellaway na Trethewie walichukua mapafu ya simbilisi waliotiwa mzio, wakayapitishia kichochezi chake. Yakatoa kitu kinachobana misuli polepole na kwa muda mrefu kuliko histamini, kemikali ya mzio inayobana njia za hewa. Mwaka 1979 Samuelsson akakitambua kuwa ni leukotrieni, na 1998 montelukasti, dawa ya pumu inayoizuia, ikaidhinishwa Marekani. Hiyo njia ilianza kwa simbilisi.

DAKTARI WA MIFUGO, IRINGA: Simbilisi sawa, ila si hawa wetu wanaolala karibu na mafiga. Kabla hujampa chochote, mapafu yake yameshaona moshi, vumbi la nyasi na pengine bakteria wa Bordetela anayewaletea nimonia. Ukikuta seli za uvimbe utaandika mzio, kumbe ni jiko. Mwili wake pia hautengenezi vitamini C, hivyo akikosa majani mabichi wiki chache anapata kiseyeye na majibu yako yanaharibika. Halafu misuli ya njia zake za hewa ni mikali mno kwa histamini. Ukimvutisha kichochezi bila kumkinga kwa mepiramini, dawa ya kuzuia histamini, nusu saa kabla, anaweza kukufia mkononi ndani ya dakika chache, na aliyekufa leo hana uvimbe wa kesho wa kukuonyesha.

MAABARA, MBEYA: Ndiyo maana wengi hutumia panya weupe wa ukoo wa BALB/c. Utaratibu mmoja wa kawaida: siku ya 0 na ya 14 unamchoma tumboni mikrogramu 20 za ovalbumini, protini ya ute wa yai, pamoja na miligramu 2 za alumini hidroksidi ya kuamsha kinga. Kuanzia siku ya 21 unamvutisha ovalbumini ya asilimia 1 dakika 20 hadi 30, siku tatu mfululizo. Saa 24 hadi 48 baadaye unampa metakolini, kemikali inayobana njia za hewa, kwa kupanda ngazi, miligramu 3.125 mpaka 50 kwa mililita, huku ukipima ubanaji. Mwisho unasuuza mapafu kwa maji ya chumvi na kuhesabu eosinofili, seli nyeupe za damu zinazoongezeka kwenye mzio.

Wanapokosea: wanarefusha kumvutisha ovalbumini kwa wiki nyingi wakitafuta pumu sugu, panya anazoea na uvimbe unashuka. Au wanamweka panya kwenye chemba akiwa macho, wanasoma namba ya Penh na kuiita ubanaji. Namba ile inafuata namna anavyopumua, haipimi upana wa njia ya hewa. Mlaze kwa nusukaputi, mtie mrija, upime ukinzani wenyewe.

TABIBU, MAKETE: Hapo ndipo ninapowabana. Mwaka 1996 panya wasio na interlukini-5, protini inayokuza eosinofili, hawakupata eosinofili wala ubanaji uliozidi. Mwaka 2000 watu wakapewa kingamwili ya kuizuia: eosinofili zikashuka, ubanaji ukabaki palepale. Uvimbe na ubanaji ni vitu viwili, panya akatuaminisha ni kimoja.

MFAMASIA, MBEYA: Malizia basi, Tabibu. Mwaka 2009 walichaguliwa wagonjwa wenye eosinofili nyingi, wakapewa kingamwili ileile, na vipindi vya kuzidiwa vikapungua. Kingamwili hiyo, mepolizumabu, ikaidhinishwa Marekani 2015.

TABIBU, MAKETE: Na waliochaguliwa walijulikana kwa kupimwa makohozi na damu zao wenyewe! Nipe spirometa, kile kipimo cha pumzi. Mgonjwa apulize, umpe salbutamoli, dawa ya kufungua njia za hewa, mikrogramu 400 kupitia chupa ya kuvutia dawa, ungoje dakika 15, apulize tena. Hewa ya sekunde ya kwanza ikipanda kwa asilimia 12 na mililita 200, njia zimefunguka. Kosa kubwa ni mgonjwa kukata pumzi kabla haijaisha, unaandika namba isiyo yake.

MAABARA, MBEYA: Spirometa haitakuonyesha ukuta wa njia ya hewa ulivyo kwa ndani.

TABIBU, MAKETE: Sikatai. Nauliza kipi kianze.

DAKTARI WA MIFUGO, IRINGA: Kabla ya hilo, panya wa maabara wanataka joto la nyuzi 20 hadi 26 usiku na mchana, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo. Umeme ukikatika usiku wa Julai huko Mbeya, jenereta litawashwa na nani, na mafuta yake yako kwenye bajeti ipi?