Tembo la kwenye methali ya mgema ni pombe ipi hasa?

BabaNeema (Dodoma)
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, hasa watu wa Pwani. Binti yangu yuko darasa la sita, kapewa kazi ya kueleza methali "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Kaniuliza tembo mnyama anatiwaje maji. Nikamwambia tembo hapo ni pombe. Akauliza: pombe gani? Jirani yangu anashikilia kwamba ni pombe yoyote ya kienyeji, hata hii ya mtama inayopikwa huku kwetu. Mwenzake anasema ni ya mnazi peke yake. Na je, leo mtu akisema "nakwenda kunywa tembo" anaeleweka, au neno limebaki kwenye methali tu?

BintiMgema (Kaloleni, Kilifi)
Baba Neema, hujambo? Hili niachieni mimi, maana baba yangu aligema mpaka magoti yakakataa kupanda.

Tembo ni utomvu wa mnazi uliogemwa. Si maji ya dafu, watu wa bara huyachanganya hayo mawili. Hautoki kwenye nazi kabisa. Unatoka kwenye shada la maua likiwa bado changa, halijapasua karara, lile ganda linalolifunika. Mgema hulifunga kwa kamba lisifunuke, hukata ncha kwa kotama, kile kisu chembamba kilichopinda, kisha hutundika kibuyu chini yake. Asubuhi hupanda, jioni hupanda. Humimina kilichodondoka na kukata tena kipande chembamba sana, ili kidonda cha mti kisizibe. Shada linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo mwenye minazi lazima achague anataka nini kwenye mti ule.

Likishuka asubuhi ni tembo tamu. Sisi watoto tulionjeshwa, na mama aliumulia unga wa vitumbua kwa hilo hilo, hamira hakununua. Kufikia jioni limeshakuwa kali. Likilala siku kadhaa huwa siki, nalo huenda jikoni. Hakuna mtu aliyelipika wala kulitia kitu. Linachacha lenyewe kibuyuni. Ndiyo maana jirani yako simkubalii. Pombe ya mtama hupikwa, tembo hugemwa.

Sasa hayo maji. Mgema akisifiwa, wateja huongezeka, lakini minazi ni ile ile na mnazi hautoi zaidi kwa sababu mwenyewe kasifiwa. Watu kumi wamesimama na madumu, kibuyu kimoja. Hapo ndipo mkono unapoenda kwenye mtungi wa maji. Mwambie binti yako methali hii inamsema mgema hodari, si mgema mbaya. Mbaya hana wa kumsifu, na hana foleni ya kumtia kwenye jaribu. Baba alikuwa akisema hivi kwa uchungu kabisa, maana wapo wenzake waliopoteza jina kwa njia hiyo.

Na mwonyeshe neno "hulitia". Ingekuwa mnyama, methali ingesema "humtia". Ile "li" inatosha kumaliza ubishi: tembo hili, limechacha, limeisha.

Mwalimu wa Mufindi
Dada, maelezo mazuri, ila naomba niongeze jambo. Ukisema tofauti ni kugema na kupika, sisi wa Iringa tutakuuliza habari za ulanzi. Ulanzi nao hugemwa, tena kwenye mianzi. Chipukizi hukatwa ncha wakati wa mvua, hutundikiwa mbeta, yaani chombo cha kukingia, na mgema hurudi asubuhi na jioni vile vile. Asubuhi mtamu, baadaye mkali. Lakini sijapata kumsikia mtu wa kwetu akiuita tembo. Kwa hiyo mgema tunaye, tembo hatuna.

BintiMgema
Umenena kweli, mwalimu, nami nimejifunza. Basi tuseme kugema hakutoshi, mpaka uwe mnazi. Ulanzi una jina lake na heshima yake, ubaki nalo.

Fundi wa Lubumbashi
Salamu kutoka Katanga. Huku kwetu ukiingia baa ukasema "lete Tembo", utaletewa bia nyeusi ya chupa inayotengenezwa hapa hapa mjini. Ina picha ya mnyama. Pombe za nyumbani tunazijua kwa majina mengine: munkoyo, ile nyepesi, na lutuku, ile kali ya kukenekwa. Hiyo habari ya mnazi naisoma leo hapa.

BintiMgema
Karibu, ndugu yangu. Hiyo bia yenu imechukua jina la mnyama, kama Tusker ya Kenya na Ndovu ya Tanzania. Mgema hahusiki. Wazee wa Pwani mnyama walimwita ndovu, na tembo likabaki la kinywaji. Hata methali yao ni "Ndovu wawili wakisongana, ziumiazo ni nyasi." Na hata leo wengi husema pembe za ndovu. Bara ndiko tembo alikokamata nafasi ya ndovu, na watoto wa shule sasa wanakutana na tembo la mgema wakiwa wanamjua mwenye mkonga tu.

Kijana wa Mbagala
Kwa hiyo tembo na gongo ni ndugu?

BintiMgema
Hapana, na hili naomba lisichanganywe. Gongo, au chang'aa kama tunavyosema Kenya, hukenekwa: pombe huchemshwa, mvuke ukapozwa. Sheria ya Tanzania ya 1966 kuhusu pombe hiyo inaiita "moshi". Tembo halijaona moto. Inaniuma mtu anapoyaweka kwenye kapu moja, kwa sababu huku kwetu huendi kuposa bila kadzama, ule mnazi, yaani tembo, wa kuwapa wazee wa mke. Kinywaji kinachofungua ndoa si cha kutajwa pamoja na kile kinachoua watu usiku.

BabaNeema
Asante sana, mama. Swali la mwisho: kwenye daftari aandike nini? Na mimi nikifika huko niseme nini?

BintiMgema
Aandike "kileo kinachogemwa kutoka kwenye mnazi". Akiandika "pombe ya kienyeji" tu, mwalimu atamkata alama, na atakuwa na haki. Wewe ukija, sema "mnazi". Tembo tutalielewa, lakini mdomoni kila siku ni mnazi. Wazee wa Kigiriama watasema uchi, usishtuke. Na kabla hujalipa, uliza kama ni wa asubuhi au wa jana.