Mrejesho: nimekwenda kile kikundi cha Jumatano

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama mimi, Mlutheri wa Moshi ninayeishi Boston, nijiunge na kikundi cha majadiliano cha watu wazima kwa Waunitaria-Universalisti, dhehebu lililozaliwa 1961 Waunitaria na Wauniversalisti walipoungana, na lisilomdai mtu ungamo la imani. Nimeshakwenda mara tatu. Tunakaa duara watu tisa, unawashwa mwali ndani ya kikombe, kisha kila mmoja anaongea bila kukatizwa. Juzi mada ilikuwa kifo. Bibi mmoja asiyeamini Mungu alieleza alivyomuuguza mumewe, nililia. Nikawasimulia misiba ya kwetu, nyumba inavyojaa watu mpaka mazishi. Waliniuliza hadi saa nne usiku! Sala naikosa, kweli. Jumapili nabaki kwa Walutheri wangu, Jumatano naendelea. Uliyenishauri nisikilize kwanza, asante sana.